Nani Aliyeilisha Ngoma ya Gishora?

Vijana wa mtaa wetu wa Nyamugari, hapa Gitega, Burundi, huniuliza fedha za kikundi chao zitatoka wapi. Nimeshika daftari la michango katika vikundi kadhaa, na jibu langu huanzia Gishora, kilometa 7 hivi kutoka mjini.

Enzi za Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo, batimbo, yaani wapiga ngoma, wa Gishora hawakupitisha kofia. Walikaa kwenye ardhi iliyotengwa kwa kazi ya ngoma, walilima na kula hapo, na kijana alijifunza mapigo kwa baba yake. Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, uliwapa heshima na wajibu. Wakoloni na wamisionari waliubana Umuganuro mpaka ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na tarehe 28 Novemba 1966 ufalme wenyewe ukafutwa. Tangu hapo mtimbo anategemea sherehe za serikali, harusi na watalii. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma yetu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais ikawazuia wanawake kuipiga na kuweka ada ya faranga 500,000 kwa onyesho. Kwa kikundi cha vijana wasio na kazi, ada hiyo ni mlango uliofungwa.

Muyinga kuna funzo jingine. Mwaka 2012 ilikamilika maktaba iliyo jirani na shule ya watoto viziwi. Wasanifu walitoka Ubelgiji, lakini matofali yalishindiliwa kwa udongo wa hapo hapo, vigae vikachomwa huko huko, na ndani ukatundikwa wavu wa kamba za mkonge ambamo watoto hujilaza wakisoma. Ufa ukitokea, fundi wa Muyinga anajua pa kuchota udongo.

Vikundi vingi vya vijana havikujengwa hivyo. Mradi wa mfadhili ulilipa kodi ya chumba, nauli na posho, bila kununua hata kiwanja. Umoja wa Ulaya ulipositisha misaada kwa serikali mwaka 2016, na serikali ikasimamisha mashirika ya kigeni kwa miezi 3 kuanzia Oktoba 2018, yalionekana yaliyokuwa yamejificha. Katika kikundi kimoja nilichokitunzia fedha, mwenye nyumba alibadilisha kufuli. Cherehani zikalala sebuleni kwa mwanachama, na wasichana waliokuwa wakijifunza kushona wakarudi kulima kwa kibarua.

Ndugu zangu viongozi wa vikundi, mfadhili akija mwombeni kiwanja chenye hati na vifaa kabla ya semina. Nanyi wakuu wa tarafa, ardhi ya umma mnayo: wapeni vijana sehemu yake kwa maandishi, na muwaombee serikalini waondolewe ada ya ngoma. Batimbo walidumu vizazi vingi kwa sababu walikuwa na pa kulima.