Vidonge vya kukuza matiti: vinasaidia, vina madhara?

Wasikilizaji wetu wanatuuliza kuhusu vidonge na unga wa mitishamba unaouzwa minadani na mitandaoni kwa ahadi ya kukuza matiti. Tuseme wazi: hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kwamba vinayakuza.

Vingi vina uwatu, mbegu ileile inayotiwa kwenye uji wa mzazi na kuacha harufu hadi kwenye jasho. Uwatu una kemikali zinazofanana kidogo na estrojeni, homoni inayokuza matiti wakati wa kubalehe, na hapo ndipo wauzaji wanaposhikilia. Lakini titi ni mafuta na tezi za maziwa. Ukubwa wake hutegemea zaidi kurithi, uzito wa mwili na ujauzito.

Uwatu wa jikoni hauna neno. Wa vidonge huwa mwingi: unaweza kushusha sukari kupita kiasi kwa anayetumia dawa za kisukari, na kumwongezea hatari ya kutokwa damu anayetumia warfarini. Mjamzito asivitumie, wala aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Kichupa kisichoandikwa viambato, usikinunue.

Ukigusa uvimbe, au titi moja likibadilika ghafla, nenda zahanati kwanza.