Nani asikilizwe moto unapozuka? Historia ya lugha ya zimamoto

Mnamo tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu, eneo la Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walifariki. Waliofika kuokoa walikuwa wa aina nyingi: wenyeji, polisi, Shirika la Msalaba Mwekundu na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji. Kila kundi huja na mkubwa wake na msamiati wake. Je, katika hali kama hiyo nani husikilizwa? Swali hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya lugha.

Tuanze na neno lenyewe. Zimamoto ni nomino ambatani inayotokana na kitenzi 'zima' na nomino 'moto', sawa na pimamaji au chemshabongo. Mitaani wengi hawasemi hivyo. Utasikia, "Ita faya, haraka!" Naye anayezungumza Kikamba atapiga kelele kuwa kuna mwaki.

Enzi za ukoloni, neno wazimamoto lilitisha. Kuanzia miaka ya 1920, ulienea uvumi Nairobi na Uganda kwamba wazimamoto huwakamata Waafrika na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huo katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka wa 2000. Funzo langu hapa ni moja: sare na gari jekundu havitoshi. Asiyekuamini atakukimbia badala ya kukutii.

Hata waokoaji wenyewe huweza kukosa kuelewana. Mwaka wa 1970, mioto ya msituni katika jimbo la California, Marekani, iliua watu 16 na kuteketeza nyumba zaidi ya 700 katika siku 13. Uchunguzi ulionyesha kwamba vikosi vilitumia maneno tofauti kwa kitu kimoja, redio zao hazikupatana, na haikuwa wazi nani anamwamrisha nani. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa kuongoza shughuli za dharura unaofuatwa leo katika nchi nyingi.

Kanuni zake ni nyepesi kueleza. Tukio lina mkuu mmoja. Kila mtu anapokea amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Msimamizi hasimamii zaidi ya watu saba, na watano ndio kadiri bora. Afisa wa usalama ana uwezo wa kusimamisha kazi akiona waokoaji wenyewe wamo hatarini. Na zaidi ya yote, watu wazungumze lugha ya kawaida, si mafumbo ya idara.

Ukambani wanajua gharama ya kukosa usalama. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, moto uliwaua wavulana 67 katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo unaotaka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Hiyo nayo ni amri, ila inatolewa kabla moto haujawaka.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga. Kwa hivyo mzigo huo sasa ni wa Kitui na Makueni. Makueni inapitiwa na barabara ya Nairobi–Mombasa, yenye malori ya mafuta kutoka Mtito Andei hadi Sultan Hamud. Kwenye Milima ya Chyulu, moto wa nyasi unaweza kuwakutanisha askari wa wanyamapori, walinzi wa misitu, watu wa kaunti na wanakijiji. Ukisema 'rudini nyuma' kwa Kiingereza cha redioni, nusu yao watabaki pale pale.

Napendekeza basi kaunti hizi zikubaliane mapema kuhusu maneno machache: mkuu wa tukio, afisa wa usalama, eneo la hatari, ondokeni, hesabu watu. Yafundishwe shuleni na kwenye baraza za machifu, na kila neno lipewe mwenzake wa Kikamba. Wakamba si wageni wa kazi ya pamoja. Katika mwethya, majirani huchimba matuta wakiwa kundi moja, na kazi hugawanywa kabla ya jembe kuinuliwa.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nahodha mmoja naye hafai kitu ikiwa mabaharia hawaelewi anachosema.