Roka za Mini na kijana wa Smyrna

Ukifungua kifuniko cha juu cha injini ya Mini ya zamani, lile gari dogo la Waingereza, unakuta vipande vinane vya chuma vimepangwa kwenye shafti moja. Hizo ndizo roka. Wenye pikipiki hapa kambini wanazijua, maana pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125 nazo zina roka na pushirodi. Fundi akikwambia "tapeti zinalia, tuzirekebishe", hapo ndo anapokwenda kugusa.

Kazi yake si ngumu kueleza. Ndani ya bloku kuna kemshafti inayozunguka. Nundu yake ikipanda inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inainua mkono mmoja wa roka, na mkono wa pili unashuka kufungua valvu. Ni kama ubao wa watoto wa kubembea: huku juu, kule chini. Ila roka ya Mini haina mikono sawa. Mkono wa upande wa valvu ni mrefu kidogo, karibu mara 1.25 ya ule mwingine. Kwa hiyo kemshafti ikipandisha milimita 6, valvu inafunguka milimita 7.5.

Hapo mafundi wa magari ya mbio wakaona nafasi. Weka roka yenye uwiano wa 1.5, milimita zilezile 6 zinakuwa 9. Kemshafti hujaigusa, pistoni hujaigusa, injini haijashushwa. Mlango umefunguka zaidi, hewa na petroli vinaingia kwa wingi zaidi. Tena gari halipotezi utulivu likiwa taratibu, kama linavyofanya ukiweka kemshafti kali. Ndo maana mpaka leo wapenzi wa Mini huko Ulaya wananunua roka hizi, nyingi zikiwa na kigurudumu kidogo kwenye ncha ili zisisugue kichwa cha valvu.

Sasa tuulize: injini hii ilitoka wapi, na nani aliiweka ndani ya Mini? Maana huyo mtu alikuwa mkimbizi, na habari yake huwa inasimuliwa nusu.

Injini yenyewe hakuitengeneza yeye. Ilitoka kiwanda cha Austin, Longbridge, karibu na Birmingham, mwaka 1951, ikaitwa A-series. Ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sisi 803 tu, ya kusukuma gari dogo la familia, Austin A30. Silinda hedi yake ilitokana na kazi ya Harry Weslake, mtaalamu wa jinsi hewa inavyopita kwenye injini. Mwaka 1952 Austin na Morris wakaungana kuwa kampuni moja, BMC.

Aliyeipa injini hiyo jina duniani ni Alec Issigonis. Alizaliwa 1906 Smyrna, mji wa bandari ambao leo ni Izmir, Uturuki. Baba yake alikuwa wa asili ya Kigiriki, mwenye karakana ya mitambo ya meli. Mama alitoka Bavaria, Ujerumani. Mwaka 1919 jeshi la Ugiriki liliteremka pale, vita ikaanza. Septemba 1922 jeshi la Uturuki liliuchukua mji, na siku chache baadaye moto ukala mitaa ya Wagiriki na Waarmenia. Watu laki kadhaa walibanwa kwenye gati: mbele bahari, nyuma moto. Meli za kivita za mataifa makubwa zilikuwa zimetia nanga palepale, lakini mwanzoni zilikuwa na amri ya kuchukua raia wao tu.

Familia ya Issigonis ilikuwa na uraia wa Uingereza. Wakapandishwa meli, wakapelekwa Malta. Mali yote ilibaki. Baba akaugua, akafia kulekule Malta. Mwaka 1923 mama na mwanawe wakafika Uingereza wawili tu.

Wasomaji wa kambini hawahitaji kuelezwa hapo palipokuwa na uzito. Siku ya kupanda meli kijana alikuwa hajatimiza miaka 16. Gati ilijaa vijana wa umri wake. Wanaume wa miaka 18 hadi 45 walizuiwa na kupelekwa bara, na wengi hawakurudi. Mwaka uliofuata, mkataba wa Lausanne ulihamisha kwa nguvu Wagiriki zaidi ya milioni moja, wengi wakiwa wameshakimbia, na Waislamu karibu laki nne kutoka Ugiriki. Kilichomtenga Alec na wenzake siku ile hakikuwa akili. Ilikuwa karatasi.

London akasoma uhandisi katika chuo cha Battersea. Hisabati ilimshinda, akaanguka mtihani mara tatu. Lakini mkono na jicho lake vilikuwa vya fundi. Akapata kazi kwenye viwanda vya magari, na jioni, miaka ya 1930, yeye na rafiki yake George Dowson walijenga gari dogo la mashindano kwa mikono, jina lake Lightweight Special, lenye injini ya Austin Seven. Yaani kabla ya kuchora gari la mamilioni ya watu, alikuwa ameshahangaika mwenyewe kutafuta nguvu ndani ya injini ndogo.

Mwaka 1948 Morris Minor yake ikatoka. Mwaka 1956 ukaja mgogoro wa Suez, petroli ikawa ya mgao Uingereza, na mkubwa wa BMC, Leonard Lord, akataka gari dogo haraka. Sharti lilikuwa moja: tumia injini tuliyonayo. Issigonis akaichukua A-series, akailaza kwa upana wa gari, akaweka giaboksi chini yake, vyote vikioga oili moja. Agosti 1959 Mini ikazinduliwa: urefu kama mita 3.05, watu wanne ndani, injini sisi 848, nguvu za farasi 34.

Yeye alitaka gari la mwananchi, basi. Rafiki yake John Cooper, mjenzi wa magari ya mbio, ndiye aliyeona kingine. Mini Cooper ya 1961 ilifikia nguvu 55. Cooper S ya sisi 1275, mwaka 1964, ilifika 76. Mini ilishinda mbio za Monte Carlo 1964 na Paddy Hopkirk, 1965 na Timo Mäkinen, 1967 na Rauno Aaltonen, ikipita magari yenye injini kubwa kuliko yake. Na bado ilikuwa ukoo uleule wa injini ya A30.

Kutoka 34 hadi 76 hakukuletwa na roka, tusidanganyane. Waliongeza ujazo, wakaweka kabureta mbili za SU, wakapanua valvu. Roka ina faida pale tu vitu vingine vinapoipokea. Mafundi wana kipimo: valvu ikifunguka robo ya kipenyo chake, mlango umeshakuwa mpana sawa na njia yenyewe. Valvu ya kuingizia ya Cooper S ina milimita 35.6, robo yake ni karibu 8.9. Hapo milimita 9 zina maana. Kwenye valvu ndogo ya Mini ya kawaida, faida ni kidogo. Tena silinda ya 1 na ya 2 zinavuta hewa kwa mlango mmoja, na ya 3 na ya 4 hivyohivyo, zikipeana zamu moja baada ya nyingine. Roka haiwezi kumaliza ugomvi huo.

Halafu kila ongezeko lina bei. Springi ya valvu ikibanwa kupita kiasi, mizunguko yake inagusana na kitu kitavunjika. Valvu ikishuka zaidi inaweza kugonga pistoni, na kwenye baadhi ya injini za ukoo huu, ya ekzosi hugonga ukingo wa bloku. Mkono wa roka ukibadilisha uwiano, mzigo kwenye nundu ya kemshafti na tapeti unapanda. Na hewa ikiongezeka, sindano ya kabureta lazima ibadilishwe, la sivyo mchanganyiko unakuwa mwepesi na valvu zinaungua.

Fundi mzuri kwa hiyo anaanza na kipimo. Roka za kawaida hupewa nafasi ya inchi 0.012, yaani milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Anatumia hesabu ya tisa: valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, anapima ya 8; ya 3 ikifunguka, anapima ya 6. Fila geji inapita kwa kukwaruza kidogo, anakaza nati, anaendelea.

Roka haizalishi nguvu. Inazidisha mwendo uliopo. Kemshafti isiposukuma, roka ndefu kiasi gani haifungui kitu. Lakini kinyume chake pia ni kweli: kemshafti inaweza kusukuma siku nzima, na bila roka valvu inabaki imefungwa. Watu hupenda kusema Issigonis alifanikiwa kwa kipaji, kwamba mkimbizi mwenye bidii hashindwi. Kipaji alikuwa nacho. Bidii pia. Lakini alipata uraia, meli, darasa na kiwanda kilichomwajiri, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilizidisha kile alichokuja nacho.

Kwa hiyo wenzetu wa mashirika, mkituuliza kijana fulani ana kipaji gani, mwulizeni pia ana karatasi gani, na shule inamfikisha wapi. Issigonis alipewa cheo cha Sir mwaka 1969 na akafariki Birmingham 1988. Mini ya mwisho ya aina yake ilitoka Longbridge Oktoba 2000, baada ya zaidi ya milioni 5.3. Ni kazi iliyotokana na kijana mmoja aliyepandishwa meli. Waliobaki kwenye gati, hakuna aliyewahi kuhesabu walichokuwa wanaweza kujenga.