RATIBA ZA TELEVISHENI, KUNAKILI

Ni mas'ala ya sheria yahusuyo iwapo mtu aruhusiwa kunakili, kwa mkono au kwa programu ya kompyuta, orodha ya vipindi ambayo kituo cha utangazaji kimekwisha kuitoa hadharani. Hukumu iliyo wazi kuliko nyingi ni ile ya Mahakama ya Juu ya Australia ya mwaka 2009, baina ya Nine Network na kampuni ya IceTV, ambayo mtu wake alikaa mbele ya televisheni majuma kadhaa akiandika jina la kila kipindi na saa ya kuanza kwake, kisha kampuni ikawa yalinganisha daftari yake na ratiba za wengine ili kusahihisha mabadiliko. Majaji wote wakakata shauri kwamba kuchukua saa na majina hayo si kunyakua sehemu kubwa ya kazi ya mwingine, na hakika hukumu hiyo ni ya insafu. Ulaya, katika kesi ya Magill ya 1995, iliyozuka Ayalandi, vituo havikunyang'anywa hakimiliki ya ratiba, bali vilikatazwa kuitumia kulizuia jarida la kukusanya vipindi vya vituo vyote.

Akusanyaye ratiba kwa matumizi ya nyumbani, tuseme kukiamuru chombo chake kirekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hubaki na masharti ya tovuti aliyoyaridhia, na, katika Umoja wa Ulaya, haki maalumu ya hifadhidata ya mwaka 1996. Muhtasari wa kipindi ni jambo jingine kabisa: umetungwa na mwandishi, na kuusambaza kwahitaji idhini.