Mchanga wa Pangani na Sisi wa Mjambere

  Leo twaomba mketi nasi kidogo, kwa maana tuna habari ya watu waliokufa zamani sana, mamia ya miaka kabla ya Ngome ya Mombasa kujengwa, kabla ya Mreno kuonekana katika bahari hii. Habari yao inatuhusu sisi tulio hai.

Mwakumbuka usiku wa tarehe 12 Agosti 2020? Ilikuwa yapata saa mbili na robo. Huku Mjambere na mahali pengi pa Mombasa vyombo viligongana kabatini, taa zikayumba, na watu wakatoka nje wakiulizana. Mmoja alidhani ni lori kubwa limepita, mwingine alidhani ameshikwa na kizunguzungu. Baadaye tukaambiwa kwamba lilikuwa tetemeko la ardhi, lenye ukubwa unaokaribia 6, na kwamba lilianza chini ya bahari upande wa Tanzania. Dar es Salaam na Unguja walilihisi pia. Basi kesho yake tukaamka salama, kila mtu akaenda zake.

Lakini swali moja lilibaki vibarazani: Je, pwani hii imewahi kupigwa hapo zamani? Mzee mmoja alijibu, "Mimi sikuona, baba yangu hakuona, wala babu yangu hakusimulia." Jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo, umri wa mtu, wa baba yake na wa babu yake, ukiunganishwa pamoja, haufiki mbali. Ardhi yenyewe huhesabu kwa maelfu ya miaka. Ikiwa wazee wamenyamaza, yafaa tuiulize ardhi.

Na ardhi husemaje? Mchimba kisima wa Kisauni atatueleza. Juu hukuta taka zetu za juzi, chupa na mifuko. Chini yake hukuta udongo, kisha mchanga, na kwa upande wa ufuoni hufika kwenye jiwe la matumbawe, ambalo zamani lilikuwa hai chini ya maji, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kila tabaka lina siku zake, na la chini ni kongwe kuliko la juu. Hicho ndicho kitabu wanachokisoma wataalamu wa mambo ya kale. Hukifungua kwa mwiko na brashi, ukurasa mmoja mmoja.

Katika kitabu hicho tetemeko huacha alama zake. Adui akiteketeza mji, huacha majivu. Tetemeko likiuangusha, ukuta huonekana umeinama au umelala kifudifudi, na vyungu huwa vimepondwa pale pale vilipokuwa vimepangwa, bila dalili ya moto. Ninyi msomao Maandiko mwajua kwamba kitabu cha nabii Amosi kinaanza kwa kutaja tetemeko la siku za mfalme Uzia, na kwamba nabii Zekaria alilitaja tena baada ya miaka zaidi ya 200. Kumbe wachimbaji nao wamelikuta. Huko Hazori, kati ya mwaka 1955 na 1958, Yigael Yadin na wenzake walifukua nyumba zenye kuta zilizoinama, wakakadiria kwamba ziliharibiwa karibu mwaka 760 kabla ya Kristo. Mwaka 2021 wachimbaji wa Yerusalemu walitangaza kwamba nao wamepata vyombo vya wakati huo vilivyopondwa chini ya ukuta, na moto haukuonekana. Taifa lile lilikumbuka kwa maneno, na udongo ukakumbuka pia.

Sasa turudi kwetu. Ukitoka Mombasa kwenda kusini, ukapita Likoni, ukapita Vanga na Tanga, utafika mahali Mto Pangani unapoingia baharini. Ni safari ya kilomita 170 hivi, kama ndege angeruka moja kwa moja. Karibu na ghuba ile, katika nchi tambarare iliyo jirani na mikoko, yalichimbwa mabwawa ya kufugia samaki. Ndipo Elinaza Mjema, mtaalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipopata mifupa ya watu. Hapo palikuwa na kijiji cha Waswahili wa kale.

Mifupa ni jambo la kawaida katika kazi yake, lakini hii haikuwa ya kawaida. Watu hawa hawakuzikwa. Hawakulazwa kwa utaratibu kama tunavyowalaza wapenzi wetu, wala hawakuelekezwa upande mmoja. Walikuwa wametawanyika ndani ya tabaka la mchanga. Je, waliuawa vitani? Mifupa haikuonyesha majeraha ya silaha. Je, lilikuwa gonjwa? Hakukuwa na dalili zake. Basi akashirikiana na wataalamu wa miamba na mchanga, akina Vittorio Maselli, Davide Oppo na Andrew Moore. Walipouchunguza mchanga wenyewe, wakakuta ndani yake mabaki ya viumbe vya baharini. Kwa hiyo ni bahari iliyouleta, na wale watu walikufa maji.

Walipima umri wa vitu vilivyomo, wakapata kwamba jambo hilo lilitokea yapata miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 2020, mwaka ule ule tuliotikiswa sisi, walichapisha maelezo yao. Walisema kwamba maelezo yanayofaa zaidi ni mawimbi makuu yaitwayo tsunami. Tena, walipofanya hesabu kwa kompyuta kutafuta mawimbi hayo yalitoka wapi, hesabu iliwapeleka mbali sana, hadi kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia, kiasi cha kilomita 6,000 kutoka hapa. Na huko Sumatra kwenyewe, katika pwani ya Aceh, wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kupata mchanga wa wimbi la kale, wa kati ya mwaka 780 na 990. Habari hizo mbili zinakaribiana.

Ndugu wasikilizaji, hebu tutulie hapa kidogo tuwafikirie watu wale. Hapo Pangani ardhi haikutikisika, wala chungu hakikugongana na chungu. Tetemeko lilikuwa ng'ambo ya bahari nzima, kwa watu wasiowajua, katika nchi wasiyoisikia. Mvuvi alikuwa akitengeneza wavu wake, mama alikuwa jikoni, watoto walikuwa wakicheza kama watoto wote. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kusafiri saa nyingi kuwaelekea. Saa hizo zote walikuwa nazo za kukimbia, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaambia.

Na baada ya hapo wakasahauliwa. Sisi watu wa Pwani tunazo tarikhi zetu, za Kilwa na za Pate, nazo zatueleza watawala, nasaba na vita. Twajua hata miaka ya kuzingirwa kwa Ngome ya Mombasa, 1696 hadi 1698. Lakini mvuvi wa Pangani hakuandikiwa tarikhi. Mchanga peke yake ndio uliotunza habari yake muda wa miaka 1,000.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya kale." La, ndugu. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilipasuka tena chini ya bahari karibu na Sumatra, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Mawimbi yalikwenda kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria. Watu wapatao 230,000 walikufa katika nchi zilizozunguka bahari hii. Somalia walikufa karibu 300. Tanzania nao walipoteza watu, na Kenya tulimpoteza mtu mmoja, upande wa Watamu.

Kwa nini sisi tulipona? Sababu moja ni umbali, na tena nguvu nyingi za mawimbi zilielekea kwingine. Sababu nyingine ni habari. Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, na mwajua fuo zetu zinavyojaa siku hiyo. Lakini mawimbi yalichukua yapata saa nane kufika, na redio ilikuwa imekwisha kutangaza yaliyotokea Asia. Askari wakawaondoa watu ufuoni. Hapo ndipo tunapotofautiana na watu wa Pangani. Wao na sisi tulipewa saa za kukimbia. Sisi tuliambiwa, wao hawakuambiwa.

Hata hivyo tusijivune. Mawimbi ya mwaka 2004 yalitufikia yakiwa yamechoka, lakini yale ya kale yaliua kijiji. Tetemeko likitokea sehemu nyingine ya ufa ule ule, nguvu yake yaweza kuelekea kwetu zaidi. Mchanga wa Pangani ndio shahidi kwamba hayo si maneno ya kutishia watoto.

Basi tufanye nini? Tujifunze kwa watu wa kisiwa kiitwacho Simeulue, kilicho karibu kabisa na chanzo cha tetemeko lile. Mwaka 1907 wimbi kubwa liliwaua wengi wao. Wazee waliobaki hawakuwa na mitambo. Walikuwa na hadithi tu, wakawasimulia watoto wao, nao wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, usingoje, kimbilia kilimani. Mwaka 2004 kisiwa kile kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa kwa mawimbi walihesabiwa kuwa 7 tu. Kwingineko watu walishuka ufuoni kuokota samaki walioachwa na maji, na hawakurudi.

Sisi tumezaliwa na kupwa na kujaa. Twajua maji ya bamvua na maji mafu. Mvuvi wa hapa huijua saa ya maji bila kutazama saa ya mkono. Ujuzi huo ni mali, na leo tuutumie hivi. Maji yakipwa wakati usio wake, yakaenda mbali upesi na kuuacha mwamba wazi, usiende kutazama. Ondoka, nenda juu au nenda bara, na umshike mkono mtoto yeyote aliye karibu. Ukihisi tetemeko kali na la muda mrefu ukiwa ufuoni, usingoje kutangaziwa. Wimbi la kwanza likipita, usirudi, kwa kuwa huja mengi, na la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2011 nchi za bahari hii zina utaratibu wa kupeana tahadhari, na hapa kwetu Idara ya Hali ya Hewa ndiyo inayopokea habari hizo. Twashukuru. Lakini tahadhari ikifika ofisini isimfikie muuza madafu wa Bamburi, wala kijana anayekodisha maboya ufuoni Pirates, bado haijafika. Kipande hicho cha mwisho cha njia ni kazi yetu, mtu na jirani yake, kwa simu, kwa kengele ya kanisa, kwa kipaza sauti cha msikiti.

Na sisi wa Mjambere tuna zamu yetu ya pekee. Tuko ndani kidogo kutoka ufuoni. Asubuhi wengi wetu hushuka huko kutafuta riziki, na siku ya hatari wenzetu watapanda kuja huku. Watakuja bila viatu, na watoto wasio wao mkononi. Je, milango yetu itakuwa wazi? Tumewahi kuzungumza nyumbani tutakutana wapi tukipoteana? Mazungumzo hayo ni ya dakika kumi baada ya chakula cha jioni, na hayagharimu hata senti moja.

Jambo la mwisho. Wako wanaosema upesi, maafa yakitokea, kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kubwa kuliko wengine. Yesu aliletewa habari ya namna hiyo, naye akawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kuwahesabu kuwa wabaya kuliko jirani zao, akawageuzia swali wasikilizaji wake. Nasi tusiwahukumu watu wa Pangani. Walikuwa wavuvi na mama na watoto. Kosa hatukuliona katika mifupa yao. Tuliona tu kwamba hapana aliyewaambia.

Sisi tumeambiwa. Basi leo usiku, mtoto akiuliza kwa nini bahari hupwa, mwelezeni habari ya mwezi, kisha mwelezeni habari ya mchanga wa Pangani. Awe nayo atakapokuwa mzee, awasimulie wajukuu wake.

 Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.