Tarehe, Mahali, Chanzo: Habari za Rwanda katika Wavuti Changa

Katikati ya Novemba 1996, baada ya kambi ya Mugunga karibu na Goma, Zaire, kushambuliwa, wakimbizi wa Rwanda walianza kurudi nyumbani kwa miguu kupitia mpaka wa Gisenyi. Ndani ya siku chache watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wamevuka. Likabaki swali la hesabu: ni wangapi bado wako Zaire? Mashirika ya misaada yalitaja mamia ya maelfu waliotawanyika misituni. Serikali ya Kigali ilisema waliobaki ni wachache mno kuliko hapo. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio namba 1080, kuruhusu kikosi cha mataifa mengi chini ya uongozi wa Canada, na kadiri idadi ya waliobaki ilivyoshuka kwenye karatasi ndivyo hoja ya kukipeleka kikosi hicho ilivyopoteza nguvu. Mwishowe hakikupelekwa kama kilivyopangwa. Takwimu, siku zile, ilikuwa suala la uhai.

Anayetaka kufuatilia mabishano hayo siku kwa siku ataishia kwenye maandishi ya IRIN. Huu ulikuwa mtandao wa habari wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa Nairobi mwaka 1995, kwa sababu mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi na msukosuko uliofuata vilikuwa vimeanika udhaifu mkubwa: waliokuwa Bukavu, Zaire, hawakujua kinachotokea Ngara, Tanzania, na waliokuwa Geneva hawakujua wamwamini nani. Waandishi wake walikusanya habari za Maziwa Makuu na kuzituma kwa barua pepe, maandishi matupu bila picha wala mapambo, ili hata ofisi yenye laini mbovu ya simu iweze kuyapokea.

Tazama umbo la toleo moja. Juu kuna namba ya toleo na tarehe. Kila habari inaanza na jina la nchi kwa herufi kubwa, kisha nukta mbili, kisha kichwa cha habari. Ndani ya aya, kila idadi ina mwenyewe: fulani alisema, shirika fulani lilikadiria, redio fulani ilitangaza. Pale vyanzo vilipopingana, vyote viwili viliandikwa. Kwangu mimi hii ndiyo kazi ya kwanza kubwa ya data ya wavuti kuhusu eneo letu, ingawa walioifanya walijiona waandishi wa habari tu. Nidhamu yao ya tarehe, mahali na chanzo ndiyo ileile ambayo mafundi wa kompyuta walikuwa bado wanaitafutia alama.

Maana wavuti yenyewe ilikuwa changa. Tim Berners-Lee alikuwa ameitangaza hadharani mwaka 1991 akiwa CERN, kule Uswisi, na toleo la pili la HTML, lugha ya alama inayoiambia kompyuta namna ya kupanga ukurasa, lilichapishwa Novemba 1995. Kwa HTML hiyo mwandishi aliweza kusema: hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Hakuweza kusema: hapa ni mahali, hii ni idadi ya watu, huyu ndiye aliyeihesabu. Hakuwa hata na lebo ya kutaja lugha ya ukurasa hadi nyongeza ya Januari 1997, iliyoingia katika HTML 4.0 Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo ukurasa wa Kinyarwanda ungeweza kubeba lebo lang="rw", na wa Kiswahili lang="sw".

Sehemu kubwa ya matoleo ya IRIN ya miaka hiyo ilihifadhiwa mbali kabisa na Kigali, katika tovuti ya Kituo cha Masomo ya Afrika cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chini ya mhariri wake, Ali B. Ali-Dinar. Ukizifungua kurasa hizo unakuta barua pepe zimewekwa karibu kama zilivyofika, vichwa vyake vya kiufundi vikiwa bado juu. Heshima kwa aliyezitunza. Lakini kompyuta inazisoma kama shairi lisilo na beti: kila neno lipo, na hakuna linalojulikana kazi yake.

Oktoba 1996 ulizaliwa mradi mwingine kutokana na somo hilohilo la Rwanda. ReliefWeb, tovuti ya Umoja wa Mataifa, ilianza kukusanya nyaraka za misaada na kuziwekea lebo za nchi, chanzo na tarehe, ili mtafutaji asilazimike kusoma kila kitu. Mwezi uleule, tarehe 18, anwani ya .rw iliandikishwa katika orodha ya dunia. Hata hivyo haikusimamiwa kutoka Rwanda. Usimamizi wake ulikaa nje ya nchi mpaka mwaka 2012, ulipokabidhiwa RICTA, chama cha teknolojia ya habari cha Rwanda. Kwa miaka 16 ya mwanzo, aliyetaka jina la tovuti lenye nembo ya nchi yake alipaswa kuliomba ng'ambo.

Mambo ya nyaya nitayapita haraka, kwa kuwa yameandikwa sana. Kituo cha kubadilishana data, RINEX, kilianza 2004, na barua pepe ya mtu wa Nyamirambo kwenda kwa mtu wa Kimihurura haikulazimika tena kuzunguka kupitia bara jingine.

Upande wa viwango, Februari 1998 ilitoka XML, iliyomruhusu kila mwenye fani kutunga lebo zake mwenyewe. Miongoni mwa waliojenga zana zake alikuwa Mkanada David Megginson, aliyeongoza uundaji wa SAX, njia ya programu kusoma mafaili ya XML. Baadaye Megginson huyohuyo aliongoza kazi ya HXL, kiwango cha data za misaada cha Umoja wa Mataifa. HXL ni rahisi hata kwa karani wa kambi: chini ya vichwa vya jedwali unaongeza mstari mmoja wa lebo zinazoanza na alama ya reli, kama #date, #adm1 na #affected, na majedwali ya mashirika mbalimbali yanaweza kuunganishwa bila kuandikwa upya. Mwaka 1996, hesabu zinazopingana zilipokuwa zikipishana kati ya Goma, Kigali na New York, hapakuwa na mstari kama huo.

Kazi nzito zaidi, hata hivyo, inafanyika Gisozi, kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, ambako zaidi ya watu 250,000 wamezikwa. Hapo, Desemba 2010, ilizinduliwa hifadhi ya kidijitali ya mauaji ya kimbari, kwa juhudi za Aegis Trust na kwa msaada wa maktaba za Chuo Kikuu cha Texas. Ina shuhuda za video, picha, nyaraka na ramani. Kila ushuhuda unahitaji maelezo ya kuuambatanisha na mahali, na hapo ndipo mtunza hifadhi anapokumbana na ugumu ambao kiwango chochote cha kimataifa hakiwezi kumtatulia.

Chukua Taba. Mwaka 1994 Taba ilikuwa wilaya ndogo, komini, katika mkoa wa Gitarama. Meya wake, Jean-Paul Akayesu, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha tarehe 2 Septemba 1998, akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Nyaraka zote za kesi zinasema Taba, Gitarama. Kisha komini zikafutwa, zikaja wilaya 106. Januari 2006 nazo zikaunganishwa kuwa 30, na mikoa ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali. Mji wa Gitarama ukaitwa Muhanga, Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Ruhengeri ikawa Musanze. Taba leo iko wilaya ya Kamonyi. Kijana wa Kamonyi akiandika jina la wilaya yake kutafuta yaliyowapata babu zake, nyaraka za Arusha na matoleo ya IRIN hayamjibu kitu, ingawa yanazungumzia ardhi anayoikanyaga.

Kuunganisha majina ya zamani na ya sasa kunawezekana, na kunapaswa kufanyiwa Kigali, na watu wanaojua kilima kipi kilihamishiwa wapi. Liwepo jedwali moja la wazi: komini ya 1994, wilaya ya 2001, sekta na wilaya ya 2006, na kwa kila mstari safu mbili za tarehe, ya kuanza na ya kukoma, kwa sababu mipaka haikufuatana moja kwa moja. Litumike kwanza kwenye hifadhi ya Gisozi, kisha kwenye matoleo ya IRIN ya kuanzia 1995, yale yaliyohifadhiwa Pennsylvania, ili mkimbizi aliyetajwa akirudi Gisenyi Novemba 1996 aonekane pia kwa anayetafuta Rubavu.