Miti na Makala katika Uchumi wa Bukavu

Vitabu vya jografia tulivyosoma shuleni, viliposema juu ya miti ya Kongo, vilituonyesha magogo makubwa yakielea mtoni, yakienda Kinshasa, kisha Matadi, kisha Ulaya. Mambo hayo ni kweli kwa nchi za Equateur. Kwetu Bukavu sivyo. Miti yetu hufika mjini ndani ya gunia, imekwisha kuwa makala, juu ya mgongo wa mama au juu ya kamyo. Ama hufika ikiwa mbao, zimepasuliwa huko huko porini, upande wa Bunyakiri au Shabunda. Ndiyo maana wengi wanadhani kwamba kazi ya miti si kitu katika uchumi wa Kivu. Sisi twaona kwamba ni nguzo yake mojawapo, tena ya zamani. Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyelipa bei yake.

Tuanze na zamani za Wabelji. Mwaka 1928 serkali iliunda Comité National du Kivu, ikaikabidhi madaraka juu ya ardhi nyingi sana, ipate kuwagawia wakoloni. Hao wakapanda kahawa, chai na mti wa kinini. Mti wa kinini haukupandwa kwa ajili ya mbao wala kuni: ganda lake ndilo lenye dawa ya malaria. Stesheni ya INEAC kule Mulungu iliuchunguza, na baada ya Uhuru kiwanda cha Pharmakina kikaendelea kutengeneza kinini hapa Bukavu.

Wenyeji nao? Mwaka 1937 serkali iliweka mpaka kuzunguka mlima Kahuzi, pori likawa hifadhi. Tarehe 11 Aprili 1949 ikatoka amri kubwa juu ya miti ya koloni nzima, iliyodumu hata mwaka 2002. Katika miaka ile ile watu walilazimishwa kuchimba mitaro penye miteremko na kupanda miti, ili udongo usichukuliwe na mvua. Kazi ilikuwa njema, lakini ilifanywa kwa amri na kwa hofu. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi waliiacha kwa furaha. Kilichobaki ni mikalitusi, kwa sababu kila baba wa jamaa aliona mwenyewe faida yake: baada ya miaka michache mti una bei, na ukiukata unachipuka tena. Mkalitusi ukawa benki ya mtu asiye na benki. Karo ya shule ngapi zimelipwa kwa miti hiyo!

Twafika sasa penye jambo zito. Tarehe 30 Novemba 1970 hifadhi ya Kahuzi iligeuzwa kuwa Parki ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye hektari 60.000, mwaka 1975 ikapanuliwa hata hektari 600.000. Ndani ya pori lile la milimani waliishi Batwa. Hawakuwa na shamba wala ng'ombe. Pori ndilo lililokuwa ghala yao, duka la dawa yao na makaburi ya wazee wao. Waliondolewa bila malipo na bila ardhi nyingine, wakakaa pembeni mwa mashamba ya Bashi na Bahavu kama wageni. Parki ilikuwa na sababu njema, twakiri: aina ya sokwe wakubwa walioko humo haipatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo, na mito yetu inatoka kule. Lakini aliyetozwa gharama ni maskini kuliko wote.

Miaka ikapita, mji ukakua. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wakaingia, laki kwa laki. Kambi za Kashusha na Inera zilikaa kando ya parki, na ya pili ilipewa jina la INERA, mrithi wa ile INEAC ya mti wa kinini. Kila jamaa ilipika kwa kuni. Kambi zilivunjwa mwaka 1996, vita ikafuata, watu wa vijijini wakakimbilia Bukavu. Kadutu ikajaa nyumba za mbao zilizobanana hata moto wa mbabula moja ukaweza kuteketeza njia nzima. Mwaka 1997 UNESCO iliandika parki yetu kati ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Mtu atauliza: je, Bukavu hauna umeme? Unao mto wa umeme! Maji ya Ruzizi yanaanzia hapa mjini. Kiwanda cha kwanza kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, cha pili kilianza mwaka 1989 kwa ushirika na Rwanda na Burundi. Lakini mji wa watu wachache wa wakati ule umepata watu wengi mno, na umeme haukuongezeka kwa kadiri hiyo. Mama hawezi kungoja taa iwake ndipo apike fufu. Tena miteremko isiyo na miti inashusha udongo ziwani na mtoni, na udongo pamoja na takataka zinasumbua mashini zile zile. Hivi makala yanaleta haja ya makala.

Sheria ya miti ya mwaka 2002 iliagiza kwamba asilimia 40 ya kodi ya eneo inayolipwa na makompanyi irudi kwa majimbo na teritwari. Lakini makompanyi hayo karibu yote yako mbali, upande wa magharibi na wa kaskazini. Huku kwetu anayelipa ni yule mama mwenye gunia, kwenye barieri, na pesa yake haiandikwi katika daftari lo lote la uchumi.

Mwaka 2018 baadhi ya Batwa walirudi porini kwa nguvu. Damu ilimwagika, yao na ya walinzi. Miti ikakatwa, makala yakachomwa, na wafanyabiashara pamoja na wenye bunduki wakapata fungu nono kuliko wao. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Komisyo ya Afrika ya Haki za Binadamu: Batwa walidhulumiwa, wastahili kurudishiwa ardhi, kulipwa na kuombwa radhi mbele ya watu wote. Ilikuwa imepita karibu nusu ya karne tangu parki ipanuliwe, na wengi wa wale walioondolewa walikuwa wamekwisha kuzikwa, mbali na makaburi ya wazee wao.